Oili, masizi na vali: historia fupi ya injini ya pikipiki ya theluji

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala kuhusu hifadhidata, na itakuja. Lakini leo nimeamua kuandika kuhusu theluji. Ndiyo, theluji! Msinicheke. Kisa chenyewe kilianzia kwenye hifadhidata, kwa hivyo sijatoka nje ya mada sana.

Miaka kadhaa iliyopita nilipata kibarua cha kuandika programu ya kuhesabu stoku kwa duka moja la vipuri kule Kanada, duka linalohudumia wenye pikipiki za theluji. Jedwali lao la bidhaa lilikuwa vurugu tupu. Kitu kimoja kimeandikwa kwa majina matatu, herufi kubwa hapa, ndogo pale, nafasi mbili badala ya moja. Nikafanya kile ambacho mwandishi yeyote wa programu angefanya: nikaandika skripti ya kutafuta bidhaa zinazofanana na kuziunganisha ziwe rekodi moja. Ikafanya kazi vizuri, nikalala usingizi mnono. Kumbe miongoni mwa zilizounganishwa kulikuwa na oili mbili. Zote za injini ya mipigo miwili, zote sintetiki, zote galoni moja. Ila moja ilikuwa ya mashine za boti, na nyingine ya pikipiki za theluji.

Asubuhi nikakuta barua pepe ya mwenye duka. Mzee huyo hakunitukana. Alinieleza tu kwamba oili hizo si kitu kimoja, kwamba ile isiyofaa huchafua vali, na kwamba mteja aliye kilomita 60 kutoka barabarani, kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, hatasaidika kujua kuwa kosa lilitoka Nairobi.

Vali za wapi tena? Mimi tangu zamani najua kwamba injini ya mipigo miwili, ile ambayo mafundi wetu huiita tu-stroki, haina vali. Hiyo ndiyo sifa yake kuu. Ukifungua msumeno wa kukatia miti, au zile mashine za zamani za boti pale Lamu, hukuti vali za moshi kama zilizo kwenye injini ya gari. Pistoni yenyewe ndiyo mlango: ikishuka inafunua matundu kwenye ukuta wa silinda, moshi unatoka huku mchanganyiko mpya wa hewa na petroli ukiingia, ikipanda inayafunika, inabana, plagi inapiga cheche. Basi. Kwa hivyo ilinibidi nikasome, na kusoma kwenyewe kulinichukua wiki mbili ambazo sikumtoza mzee hata senti.

Nianze na chombo chenyewe, maana wengi wetu theluji tumeiona kwenye filamu, au kwa mbali juu ya Mlima Kenya asubuhi mawingu yakifunguka. Pikipiki ya theluji ina ski mbili mbele za kuongozea, na nyuma, badala ya gurudumu, ina mkanda mpana wa mpira wenye meno. Baba yake anayetajwa zaidi ni Joseph-Armand Bombardier, fundi wa mji mdogo wa Valcourt, jimbo la Quebec. Alizaliwa 1907, na akiwa na miaka 15 tu alishaunda chombo cha kuteleza kwenye theluji kikisukumwa na pangaboi. Katika zama hizo barabara za vijijini Quebec zilifungwa na theluji miezi mingi kila mwaka. Januari 1934 mwanawe Yvon, mtoto wa miaka miwili, alishikwa na ugonjwa wa tumbo uliohitaji upasuaji wa haraka. Barabara hazipitiki, hospitali iko mbali, na chombo ambacho baba alikuwa akikijaribu hakikuwa tayari. Mtoto akafa. Miaka mitatu baadaye Bombardier alikuwa akiuza gari la theluji la kubeba watu saba, na magari yake yakawa ya madaktari, ya posta, ya watoto wa shule.

Hayo yalikuwa magari makubwa yenye injini za motokaa. Mwaka 1948 serikali ya Quebec ikaamuru barabara kuu zisafishwe theluji, na soko lake likapungua ghafla. Ndoto yake ya pili ilikuwa chombo kidogo cha mtu mmoja au wawili, na kilichomkwamisha kilikuwa uzito wa injini. Mwaka 1959 ndipo ilipotoka Ski-Doo, ikiwa na injini ndogo ya mipigo minne. Mwaka huo ziliuzwa 225. Moja ya zile za mwanzo alipelekewa rafiki yake, padre mmishonari huko kaskazini mwa Ontario, ambako mbwa wa kukokota sleji ndio waliokuwa usafiri. Kuanzia 1962 Bombardier akaanza kununua injini za mipigo miwili kutoka Rotax, kiwanda cha Gunskirchen, Austria. Yeye mwenyewe alifariki 1964, na mwaka 1970 kampuni yake ikainunua Rotax. Kufikia 1971 Marekani ya Kaskazini ilinunua karibu pikipiki za theluji 500,000 kwa mwaka mmoja, kutoka kwa watengenezaji zaidi ya 100! Wengi wao walikufa kama kampuni za dot-com, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Kwa nini mipigo miwili? Kwanza ni nyepesi, na kwenye theluji laini kila kilo inakuzamisha. Pili, kila mzunguko mmoja wa krenki unakupa msukumo, wakati mipigo minne inakupa msukumo kila mizunguko miwili. Tatu, injini ya mipigo minne ina bakuli la oili chini yake, na kwenye baridi kali oili hiyo huwa nzito kama lami, injini inakataa kuzunguka. Ya mipigo miwili haina bakuli.

Haina bakuli, sawa, lakini beringi na pistoni bado zinataka kulainishwa. Hapo ndipo mambo yote ya leo yanapoanzia. Kasha la krenki, ambalo kwenye gari lingejaa oili, kwenye tu-stroki linatumika kama pampu ya kuingizia hewa na petroli. Kwa hivyo oili inabidi isafiri humo humo pamoja na petroli, ilainishe ikiwa njiani, kisha iingie kwenye moto iungue na kutoka kama moshi. Tafakari hilo kidogo. Oili ya gari inatakiwa ikae muda mrefu bila kuharibika. Oili ya mipigo miwili inatakiwa kulinda chuma sasa hivi, na sekunde moja baadaye iungue bila kuacha chochote. Hizo ni sifa mbili zinazopigana. Inayolinda sana kwa kawaida haiungui vizuri, na inayoungua vizuri huenda isilinde.

Jibu la kwanza la wanadamu kwa tatizo hili tunalijua sisi vizuri kuliko Wakanada: mbarika. Ndiyo, mbarika huu huu unaoota kando ya mashamba yetu, ambao mafuta yake bibi zetu walijipaka na kulainishia ngozi. Mafuta ya mbarika yanashika chuma kwa namna ambayo oili za ardhini za zama hizo hazikuweza. Ndege za Vita Vikuu vya Kwanza zenye injini za rotari ziliruka nayo. Jina la Castrol, lililoanza 1909, limetokana na jina la Kiingereza la mafuta hayo. Waendesha pikipiki za mashindano waliyapenda kwa miaka mingi, na harufu yake ikishakuingia puani husahau. Lakini yana dosari mbili. Yakiungua huacha utando mgumu kama vanishi. Na kwenye baridi hujitenga na petroli, yanakaa chini ya tangi peke yake, wewe unaenda na petroli tupu hadi pistoni inashikana na silinda. Kwa theluji hayakufaa.

Basi pikipiki za theluji za miaka ya 1960 zilitumia oili ya ardhini, ikichanganywa na petroli kwa mkono, lita moja ya oili kwa lita 20 za petroli. Hiyo ni oili nyingi sana. Moshi ulikuwa wa buluu, plagi zilichafuka, na mtu mwenye akili hakutoka nyumbani bila plagi za akiba mfukoni. Baadaye ikaja pampu ya oili. Yamaha waliianzisha kwenye pikipiki zao mwaka 1964 kwa jina Autolube: oili inakaa kwenye tangi lake, na pampu inaigawa kulingana na jinsi unavyovuta mafuta. Kuchanganya kwa mkono kukaisha, lakini likazaliwa sharti jipya. Sasa oili inatakiwa ipite kwenye mpira mwembamba ikiwa peke yake, bila petroli ya kuifanya nyepesi, kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. (Hapo Selsiasi na Farenhaiti zinakutana, kwa wale wapenda mafumbo.) Oili ikiganda kwenye mpira, injini inakufa na bado tangi limejaa.

Sasa turudi kwenye vali. Nikiri kwamba sehemu hii ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Tundu la moshi kwenye silinda ni tundu tu, na urefu wake kwenda juu ndio unaoamua tabia ya injini. Ukilichonga juu sana, moshi unapata nafasi ya kutoka injini ikizunguka kwa kasi, na unapata nguvu nyingi kule juu, lakini ikienda polepole inakuwa dhaifu na yenye kukohoa. Ukilichonga chini, inavuta vizuri polepole lakini inakosa pumzi ikikimbia. Lazima uchague moja, na ukishachonga chuma hakuna kurudi nyuma.

Aliyefanya tatizo hili liwe kubwa ni Mjerumani mmoja, Walter Kaaden, wa kiwanda cha MZ huko Zschopau, Ujerumani Mashariki. Katika miaka ya 1950, akiwa na vifaa vichache mno, aligundua jinsi ya kutengeneza bomba la moshi lenye tumbo ambalo linarudisha wimbi la shinikizo na kusukuma petroli iliyotaka kutoroka irudi ndani ya silinda. Mwaka 1961 injini yake ya sentimita za ujazo 125 ilifikia nguvu farasi 25, yaani 200 kwa kila lita, jambo ambalo hakuna injini ya kawaida isiyo na turbo iliyokuwa imelifikia. Septemba ya mwaka huo huo dereva wake, Ernst Degner, alitoroka baada ya mashindano ya Sweden, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia wa daraja la 50 akiwa na Suzuki. Siku hizi tungesema msimbo-chanzo umevuja :-)

Maarifa ya Kaaden yakaenea, lakini bomba hilo linasaidia kwenye ukanda mwembamba tu wa mizunguko. Juu ya ukanda huo, moto. Chini yake, hakuna kitu. Yamaha wakaleta jibu mwaka 1977 kwenye pikipiki yao ya mashindano ya sentimita za ujazo 500: kipande cha chuma juu ya tundu la moshi kinachozungushwa ili kulishusha au kulipandisha injini ikiwa inakwenda. Mwaka 1983 wakaiweka kwenye RD350 ya barabarani, ikiendeshwa na mota ndogo yenye kompyuta yake. Rotax nao wakatengeneza yao, RAVE, ambayo ndiyo iliyokuja kutawala kwenye Ski-Doo. Hii ya Rotax ndiyo niliyoipenda, kwa sababu mwanzoni haikuwa na kompyuta hata kidogo.

Iko hivi. Kuna bamba la chuma kama kisu cha gilotini linaloteleza ndani ya ukuta wa silinda, likiziba sehemu ya juu ya tundu la moshi. Bamba lina mpini, mpini umefungwa kwenye kiwambo cha mpira, na juu ya kiwambo kuna springi. Tundu dogo linaleta shinikizo la moshi chini ya kiwambo. Injini ikiwa polepole, shinikizo ni dogo, springi inashinda, bamba linakaa chini. Ukivuta mafuta, shinikizo linapanda, kiwambo kinainuka, bamba linarudi nyuma na tundu linakuwa refu. Juu kabisa kuna kifuniko chekundu unachozungusha ili kuikaza au kuilegeza springi. Kama shinikizo limezidi springi, panda. La sivyo, kaa chini. Hiyo ni sentensi ya "kama" iliyoandikwa kwa chuma na mpira, na kigezo chake unakibadilisha kwa vidole!

Ubaya ni mahali ilipokaa. Imekaa kwenye mlango wa moshi wa injini inayochoma oili yake yenyewe. Oili isiyoungua sawasawa inatua juu ya bamba, inaokwa, inakuwa masizi, kisha masizi juu ya masizi hadi unapata kitu kama ukoko wa wali uliosahauliwa jikoni. Siku moja bamba halipandi tena. Au linapanda halishuki.

Na hapa ndipo palinigusa kama mtu anayeishi kwa kusaka makosa ya programu. Pikipiki ya theluji haina gia. Ina mkanda kati ya puli mbili zinazojibadilisha upana zenyewe, kama skuta. Puli hizo zimepangwa ili injini ikae kwenye mizunguko yake ya nguvu, mara nyingi karibu 8,000 kwa dakika. Bamba likikwama chini, nguvu inapungua, na mizunguko haifiki pale. Dereva anaangalia mita, anasema mkanda umechakaa. Ananunua mkanda. Hakuna mabadiliko. Anabadilisha springi za puli, anaharibu mpangilio uliokuwa sawa. Anafungua kabureta. Wengine hufika hadi kufungua injini nzima. Dalili iko kwenye puli, ugonjwa uko kwenye bamba lisilozidi upana wa vidole vichache. Ni nani kati yetu hajawahi kukesha akirekebisha ukurasa wa wavuti wakati kosa liko kwenye seva?

Matibabu yenyewe ni madogo. Unafungua klipu ya kifuniko, unatoa springi na kiwambo, unafungua nati za kasha na kulivuta lote na bamba lake. Unaliloweka kwenye dawa ya kuyeyusha masizi, unakwangua kwa plastiki, si kwa bisibisi, kwa sababu mkwaruzo ndio makao ya masizi yajayo. Unazibua vitundu vya shinikizo. Unakagua kiwambo kwa kukielekeza kwenye taa, maana tundu la sindano linatosha kukiua, na ukikiuza kipya usikibandike gundi. Unaporudisha, angalia upande wa bamba: limekatwa kwa pembe lifuate ukuta wa silinda, na likiingia kichwa chini linaweza kukutana na pistoni. Kazi hiyo ifanyike angalau kila msimu. Ukitumia oili ya bei rahisi, mara nyingi zaidi.

Watengenezaji waliliona hili. Polaris, kampuni ya Roseau, Minnesota, walipoleta vali zao karibu na mwaka 2000 waliziita VES, na wakauza oili ya sintetiki kwa jina hilo hilo la VES. Sijui mfano mwingine ambapo kipuri na oili vimepewa jina moja namna hiyo. Nadhani ni ukweli mtupu wa kiuhandisi: bila oili ile, vali ile haiishi. Oili za ardhini za zamani zilikuwa na sehemu nzito ambayo haiungui, na hiyo ndiyo inayogeuka ukoko. Oili mpya zikaiondoa, zikaweka esta na polima zinazoyeyuka kwenye joto bila kuacha mabaki mengi.

Na sasa zile oili zangu mbili. Oili za boti hupimwa kwa kiwango cha TC-W3, cha mwaka 1992, kilichowekwa na chama cha watengenezaji wa vyombo vya majini cha Marekani. Mashine ya boti inapozwa na maji ya ziwa au bahari ambayo hayaishi, kwa hivyo ina joto dogo, na dawa za kusafishia zilizomo kwenye oili yake hazina madini, zisiache majivu. Oili za nchi kavu hupimwa kwa viwango vya Kijapani vya JASO vilivyoanza miaka ya 1990, FB, FC na FD. Hivyo hupima ulainishaji, moshi, usafi wa pistoni, na pia kuziba kwa njia ya moshi. Usafi unaodaiwa na FD ni wa juu zaidi. Oili ya boti kwenye injini yenye joto kali inaacha ringi na vali zikiwa chafu. Ya nchi kavu kwenye boti inaweza kuacha majivu kwenye plagi. Galoni ni ile ile, maandishi makubwa ya mbele ni yale yale, tofauti imeandikwa kwa herufi ndogo nyuma. Skripti yangu ilisoma mbele.

Kuna sura moja imebaki, ya moshi. Injini za zamani za aina hii zilitupa nje robo ya petroli yake au zaidi bila kuichoma. Katika Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, Marekani, hali ilifika mahali hewa safi ikawa inapulizwa kwa bomba ndani ya vibanda vya lango la magharibi, walinzi wapate kupumua. Mwaka 2000 serikali ya Bill Clinton iliamua kuziondoa pikipiki hizo hifadhini hatua kwa hatua, kesi zikafuata, na kanuni ya kudumu haikupatikana hadi 2013. Wengi tulitarajia mipigo miwili ife. Yamaha wakahamia mipigo minne, na mwaka 2023 ndio wao waliotangaza kuacha biashara ya pikipiki za theluji. Ski-Doo walichukua njia nyingine: kwa modeli za 2009 walileta E-TEC, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda ikiwa imechelewa kutoroka. Teknolojia hiyo ilitoka kwenye mashine za boti za Evinrude, ambazo Bombardier walizinunua 2001. Yaani injini za baharini na za theluji ziliungana kweli. Oili ndizo zilizokataa.

Vali bado zimo ndani ya injini hizo mpya, siku hizi zikisukumwa na umeme, na bado zinahitaji kutolewa na kuangaliwa.

Mimi nilirudisha rekodi zangu mbili kutoka kwenye nakala rudufu, nikaongeza safu mpya kwenye jedwali, "kiwango", na kuizuia isiachwe tupu. Mzee aliijaza mwenyewe kwa mkono, bidhaa baada ya bidhaa, kwa siku tatu. Alikuta oili kumi na moja ambazo hata yeye alikuwa ameziweka kwenye rafu isiyo yake.